Dawa Imefika Mkononi, Je, Imefika Mapafuni? Namna Uelewa wa Mgonjwa Unavyopimwa

Mgonjwa wa pumu, au wa ugonjwa mwingine sugu wa mapafu, anapotoka kliniki huwa amebeba vitu viwili. Cha kwanza ni dawa, ambayo imepita katika hatua kadhaa za ukaguzi kabla ya kufika mkononi mwake. Cha pili ni maelezo ya namna ya kuitumia, ambayo pengine ameyasikia mara moja tu, kwa haraka, akiwa amechoka au akipumua kwa shida. Dawa ikiwa na kasoro, zipo taratibu za kuigundua na kuiondoa sokoni. Maelezo yakiwa na kasoro, au yakiwa sahihi lakini hayakueleweka, ni nani atakayegundua?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wagonjwa wa mapafu. Dawa zao nyingi hazimezwi, bali huvutwa kwa pumzi kupitia kifaa kidogo ambacho wengi hukiita pampu au inhela. Kidonge kikishamezwa, mwili hufanya kazi iliyobaki. Pampu ni tofauti, kwa kuwa dawa itafika mapafuni au itaishia ulimini na kooni kutegemea mkono na pumzi ya anayeitumia. Mtu anayekosea hatua moja au mbili kila siku anaweza kuamini kwa dhati kwamba anatumia dawa, kumbe mapafu yake hayapati kitu cha kutosha. Akibanwa kifua huilaumu dawa kuwa ni dhaifu au bandia, huongeza mipulizo kwa kujiamulia, au huiacha kabisa.

Makala haya yanaeleza maana ya uelewa wa taarifa za afya, namna wataalamu wanavyoupima, upungufu wa vipimo hivyo, na jinsi wewe mtumiaji wa dawa unavyoweza kujipima mwenyewe kabla ugonjwa haujakupima.

Mzigo wa mgonjwa wa mapafu

Magonjwa sugu ya mapafu ni yale yanayodumu kwa miaka na kuhitaji uangalizi wa kila siku. Pumu ndiyo inayofahamika zaidi. Upo pia ugonjwa wa kuziba polepole kwa njia za hewa, ambao katika kadi nyingi za kliniki huandikwa kwa kifupi COPD. Huwapata zaidi watu wazima waliovuta tumbaku, waliopika kwa kuni au mkaa kwa miaka mingi katika jiko lisilo na njia ya kutolea moshi, au waliofanya kazi penye vumbi jingi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugonjwa huo ulisababisha vifo takriban milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Wapo vilevile watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na makovu mapafuni yanayowasumbua maisha yao yote.

Tuangalie mgonjwa wa aina hii anatakiwa kujua nini. Mara nyingi hupewa pampu mbili: moja ya kufungua njia za hewa anapobanwa, nyingine ya kutuliza uvimbe ndani ya njia hizo, ambayo huitumia kila siku hata anapojisikia mzima. Anapaswa kuzitofautisha, kufuata hatua za kuvuta kwa mpangilio, kukadiria dawa iliyobaki, kutambua dalili za hali kuzidi kuwa mbaya, kuepuka moshi na vumbi, na kukumbuka siku ya kurudi kliniki. Yote hayo huyafanya nyumbani, pasipo daktari wala muuguzi. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya tiba ya mapafu hutolewa na mgonjwa mwenyewe, na ubora wa tiba hiyo hutegemea alichokielewa.

Uelewa wa taarifa za afya ni nini?

Uelewa wa taarifa za afya ni uwezo wa mtu wa kuipata taarifa inayohusu afya yake, kuielewa, kuipima kama inafaa na inaaminika, kisha kuitumia katika uamuzi na matendo yake. Ni mambo manne, na kila moja laweza kukwama peke yake. Mtu anaweza kuipata karatasi ya maelezo ndani ya kasha la dawa asiielewe. Anaweza kuielewa, lakini asijue kama ni ya kuaminika kuliko ushauri wa jirani. Anaweza pia kuielewa na kuiamini, bali akashindwa kuitenda.

Jambo hili halilingani moja kwa moja na elimu ya darasani. Elimu husaidia, lakini mwalimu wa sekondari aliyepewa pampu kwa mara ya kwanza anaweza kuitumia vibaya kuliko bibi asiyejua kusoma ambaye muuguzi alimwonyesha kwa vitendo na kumtaka arudie. Uelewa hutegemea pia ugonjwa wenyewe. Mtu aliyekosa pumzi, aliyekosa usingizi kwa kukohoa, au mwenye hofu, husikia machache na hukumbuka machache zaidi.

Vipimo vinavyotumika

Watafiti walianza kutengeneza vipimo rasmi vya uelewa huu nchini Marekani katika miaka ya 1990. Vipo vingi, lakini vinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza hupima usomaji wa maneno. Kipimo kijulikanacho kwa jina la REALM, ambacho toleo lake fupi la mwaka 1993 lina maneno 66 ya tiba, humtaka mgonjwa ayasome kwa sauti. Anayesikiliza huhesabu maneno yaliyotamkwa vizuri. Huchukua dakika chache tu, na ndiyo sababu kilipendwa.

Kundi la pili hupima uelewa wa maandishi na hesabu. Kipimo cha TOFHLA, kilichotolewa mwaka 1995, humpa mgonjwa aya zenye nafasi zilizoachwa wazi azijaze, na maswali yanayotokana na vitu halisi kama lebo ya chupa ya dawa au kadi ya miadi. Mwaka 2005 kikaja kipimo kifupi zaidi cha maswali 6 yanayotokana na lebo ya lishe ya aiskrimu. Mhusika husoma lebo hiyo, hukokotoa, kisha hujibu.

Kundi la tatu humuuliza mtu mwenyewe anavyojiona. Je, ni mara ngapi unahitaji mtu akusaidie kusoma karatasi za hospitali? Je, una uhakika kiasi gani unapojaza fomu peke yako? Maswali matatu ya namna hii yalichapishwa mwaka 2004 na yametumika sana tangu hapo. Kwa upana zaidi, utafiti uliofanyika katika nchi 8 za Ulaya, kwa dodoso lenye maswali 47, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliohojiwa walikuwa na uelewa usiotosheleza au wenye mashaka. Basi tatizo hili si la nchi maskini peke yake, wala si la watu wasiosoma peke yao.

Matokeo ya vipimo hivi kwa wagonjwa wa mapafu yanatoa onyo. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa wa pumu, ambao walipimwa uwezo wa kusoma kisha wakatazamwa wakitumia pampu zao. Miongoni mwa waliosoma chini ya kiwango cha darasa la tatu, asilimia 89 walitumia pampu vibaya. Miongoni mwa waliosoma kwa kiwango cha sekondari ya juu, waliokosea walikuwa asilimia 48. Wengi huitaja takwimu ya kwanza na kuishia hapo. Takwimu ya pili ina somo lake pia: karibu nusu ya wale waliojua kusoma vizuri nao walikosea.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusu wagonjwa wa COPD. Wale wenye uelewa mdogo walikuwa na hali mbaya zaidi na walifika katika idara ya dharura mara nyingi zaidi, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za kipato na elimu.

Kwa nini kutafsiri vipimo hakutoshi

Mtu anaweza kudhani kwamba ili kupima uelewa wa wagonjwa wetu yatosha kuvitafsiri vipimo hivyo kwa Kiswahili. Sivyo, na sababu zake zinatufundisha jambo kuhusu maelezo tunayopewa kila siku.

Kwanza, Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Katika Kiingereza maandishi na matamshi hutofautiana sana, hivyo mtu asiyelifahamu neno huweza kukwama kulitamka. Kutamka kwake vizuri ni dalili kwamba amewahi kukutana nalo. Mtoto wetu wa darasa la tatu anaweza kulisoma kwa sauti neno kotikosteroidi, silabi kwa silabi, bila kufahamu kama ni dawa, ugonjwa au jina la mji. Tatizo kama hilo lilionekana katika Kihispania, ambacho nacho husomwa karibu kama kinavyoandikwa. Ndiyo maana mwaka 2006 kilitolewa kipimo cha Kihispania kinachomtaka mtu, baada ya kulisoma neno, achague jingine linalohusiana nalo kimaana. Kwa msomaji wa Kiswahili, kulisoma neno kwa ufasaha hakuthibitishi chochote kuhusu kulielewa.

Pili, kuna suala la saa. Swali moja la TOFHLA huhusu dawa inayotumiwa kila baada ya saa 6: ikiwa dozi ya kwanza ilitumiwa saa 1 asubuhi, inayofuata ni lini? Jibu ni saa 7 mchana. Lakini katika Kiingereza dozi hiyo ya kwanza huandikwa 7:00, na mfasiri asiye makini anaweza kuiandika saa 7, akampotosha mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Nyumbani jambo hilo hilo hutokea pale simu inapoonyesha 8:00 na karatasi ya kliniki imeandika saa 2. Kwa mwenye uzoefu ni wakati mmoja. Kwa mzee anayetegemea mjukuu amtegee kengele ya simu, ni nafasi ya kosa la saa 6 nzima.

Tatu, upo mwandiko wa bahasha za dawa. Alama ya 1 x 3 humaanisha kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Aliyejifunza hesabu shuleni anajua kwamba 1 x 3 na 3 x 1 hutoa jibu moja, lakini kwa dawa si kitu kimoja: kugawa vidonge vitatu katika siku ni tofauti na kuvimeza vyote kwa wakati mmoja. Hata maneno yetu ya kawaida yana mtego. Tunaposema kutwa mara tatu, mtoa dawa hukusudia saa 24 zigawanywe sawasawa. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, kutwa ni tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ndiyo maana tunasema kutwa kucha tunapotaka kuujumuisha usiku. Mgonjwa anayemaliza dozi zake tatu kabla ya magharibi na kuacha usiku mzima bila dawa hakukosea Kiswahili. Amekielewa kama kinavyosemwa.

Kusema na kutenda

Upo upungufu mwingine, ulio mkubwa zaidi. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliowahusu wagonjwa 395 nchini Marekani. Walionyeshwa lebo za dawa na kuulizwa maana yake. Lebo mojawapo ilielekeza vidonge viwili, mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 70.7 waliyaeleza maelekezo hayo kwa usahihi. Walipoombwa kuonyesha idadi ya vidonge vinavyotakiwa kwa siku nzima, walioweza walikuwa asilimia 34.7 tu. Maneno walikuwa nayo, ila hesabu ya vidonge vinne haikupatikana.

Matokeo hayo yanatuonyesha udhaifu wa swali linaloulizwa zaidi katika kliniki na maduka ya dawa: "Umeelewa?" Mgonjwa hujibu "ndiyo" kwa sababu nyingi. Foleni ni ndefu. Hataki kuonekana mjinga. Anamheshimu aliyemwelekeza. Au anaamini kwa moyo wote kwamba ameelewa. Jibu hilo halipimi kitu.

Aibu nayo ina nafasi yake. Utafiti wa mwaka 1996 katika hospitali ya umma nchini Marekani uligundua kwamba, miongoni mwa wagonjwa wenye uwezo mdogo wa kusoma waliokiri tatizo hilo, zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kuwaambia wenzi wao wa ndoa. Ikiwa mtu humficha anayelala naye kitanda kimoja, hatamwambia mtoa dawa aliyekutana naye leo. Atasema amesahau miwani, au kwamba atasoma akifika nyumbani. Kwa sababu hiyo, kumpima mgonjwa mbele ya watu ili kumpa alama ni jambo lisilofaa. Vipimo rasmi vina kazi yake katika utafiti. Katika huduma ya kila siku, njia salama ni kuchukulia kwamba yeyote anaweza kutoelewa, aliyesoma na asiyesoma, na kumweleza kila mmoja kwa uwazi uleule.

Njia iliyo rahisi na yenye heshima ni kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe, au aonyeshe kwa mikono yake. Mtoa huduma husema: "Nataka kuhakikisha kwamba mimi nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe utakavyoitumia ukifika nyumbani." Tazama mzigo umewekwa wapi. Anayepimwa ni aliyeeleza. Mgonjwa akikosea, maelezo hurudiwa kwa namna nyingine, kisha huonyesha tena.

Kupima maelezo badala ya mgonjwa

Fikra hiyo hiyo hutumika kwa maandishi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, karatasi ya maelezo inayowekwa ndani ya kasha la dawa hutakiwa kujaribiwa kwa watu wa kawaida. Watu hupewa karatasi hiyo na kuulizwa maswali. Kigezo kinachotumika ni kwamba asilimia 90 waweze kuipata taarifa, na asilimia 90 ya hao walioipata waonyeshe kwamba wameielewa. Tukichukua watu 20, 18 waione sehemu inayohusika, na angalau 16 waielewe. Kigezo kisipofikiwa, hapana anayesema kwamba watu hao ni wajinga. Karatasi huandikwa upya.

Hivyo ndivyo mtumiaji anavyopaswa kuyatazama maelezo ya dawa yake. Ukisoma mara mbili bila kuelewa, kasoro imo katika maandishi kabla ya kuwa kwako. Unayo haki ya kuuliza, na wahenga walikwisha kusema kuuliza si ujinga.

Jipime nyumbani

Chukua pampu yako na kasha lake, kisha jaribu maswali haya matano bila kusaidiwa. Majibu yanafuata kila swali.

Swali la 1. Pampu mpya ya dawa ya kila siku ina mipulizo 200. Umeelekezwa mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni. Umeianza asubuhi ya tarehe 1 Machi. Itakwisha lini?

Jibu: Mipulizo 4 kwa siku hutosha siku 50. Dozi ya mwisho ni jioni ya tarehe 19 Aprili. Tarehe 20 unahitaji pampu nyingine. Andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza juu ya kasha siku unapoifungua. Pampu nyingi huendelea kutoa mvuke wa gesi hata baada ya dawa kwisha, kwa hiyo sauti yake na mvuke wake si uthibitisho kwamba bado ina dawa. Pampu yenye kihesabio hukuonyesha idadi iliyobaki.

Swali la 2. Kasha limeandikwa kwamba muda wa matumizi unakwisha 08/2027, nawe umekwisha kutumia mipulizo 200 ya pampu yenye mipulizo 200. Je, bado inafaa?

Jibu: Hapana. Tarehe hiyo inakueleza kwamba dawa iliyomo isitumike baada ya mwisho wa Agosti 2027. Haikuelezi kama bado imo. Ni mambo mawili tofauti, na yote mawili huangaliwa.

Swali la 3. Una pampu mbili. Umeamka vizuri, hubanwi wala hukohoi. Ni ipi ya kutumia?

Jibu: Ile uliyoelekezwa kuitumia kila siku. Kujisikia vizuri huenda ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Kuiacha ni kuukaribisha ugonjwa urudi. Ile ya kufungua kifua hutumika unapobanwa, au kama ulivyoelekezwa. Usizitofautishe kwa rangi peke yake, maana watengenezaji hutofautiana. Soma jina la dawa, na kama husomi, mwombe mtoa dawa aweke alama utakayoitambua. Wapo wagonjwa wanaopewa pampu moja kwa kazi zote mbili. Hakikisha unajua yako ni ya aina gani.

Swali la 4. Onyesha, mbele ya mtu mwingine, hatua za kutumia pampu ya kubonyeza.

Jibu: Ondoa kifuniko na uangalie kama mdomo wa pampu ni safi. Itikise. Toa pumzi nje taratibu kadiri uwezavyo. Weka pampu kati ya meno na uibane kwa midomo. Anza kuvuta pumzi polepole, bonyeza mara moja, na uendelee kuvuta kwa kina. Zuia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri unavyoweza. Kabla ya mpulizo wa pili subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha tikisa tena. Kama dawa ni ya kutuliza uvimbe, sukutua na uteme maji, kwa kuwa masalia yake yanaweza kusababisha utando mweupe mdomoni. Pampu za unga hutumiwa kwa namna nyingine: nyingi hutaka uvute kwa nguvu na kwa haraka. Ukibadilishiwa pampu, omba uonyeshwe upya.

Swali la 5. Ni dalili zipi zitakufanya uende hospitali bila kusubiri siku ya kliniki?

Jibu: Kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au kucha kubadilika kuwa za bluu au kijivu, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, na pampu ya kufungua kifua kutokusaidia, au kusaidia kwa muda mfupi tu. Kwa mgonjwa wa COPD, makohozi kuongezeka au kubadilika rangi pamoja na pumzi kuwa nzito ni sababu ya kumwona mtaalamu mapema.

Kama ulikosea swali moja au zaidi, uko pamoja na watu wengi, wakiwemo waliosoma sana. Usiifiche nafsi yako. Nenda na pampu yako kliniki au kwa mfamasia, ueleze ulipokwama.

Mambo ya kuomba unapopewa dawa

Omba uonyeshwe kwa vitendo, kisha uombe na wewe uonyeshe. Ikiwa kubonyeza na kuvuta kwa pamoja kunakushinda, uliza kuhusu chupa ya kati inayounganishwa na pampu. Huipa pumzi muda wa kuichukua dawa, na huwafaa watoto na wazee.

Omba maelekezo yaandikwe kwa maneno kamili na kwa nyakati unazozitumia: "mipulizo 2 saa 1 asubuhi, mipulizo 2 saa 1 usiku", badala ya alama peke yake.

Nenda na mtu unayemwamini, hasa yule atakayekuwa karibu nawe usiku ukibanwa. Naye aonyeshwe pampu ya kufungua kifua na namna ya kukusaidia.

Beba pampu zako zote kila unaporudi kliniki, hata zilizokwisha, na uombe namna yako ya kuvuta iangaliwe tena. Mazoea hupotoka kidogo kidogo bila mwenyewe kujua.

Ukihisi dawa haikusaidii, usiongeze wala usiache kwa uamuzi wako. Hakikisha kwanza unavyoivuta. Ikiwa unaivuta sawasawa na bado haikusaidii, au imekuletea madhara, au unaitilia shaka, itunze pamoja na kasha lake na utoe taarifa katika kituo cha afya au kwa Mamlaka.

Ukaguzi wa dawa unaweza kuhakikisha kwamba kilichomo ndani ya pampu ni kile kilichoandikwa juu yake. Hauwezi kuhakikisha kwamba kimefika mapafuni. Safari hiyo ya mwisho, fupi kama urefu wa pumzi moja, hukamilishwa na mgonjwa aliyeelewa. Kwa hiyo, safari ijayo utakapoulizwa kama umeelewa, usijibu kwa neno. Chukua pampu, na uonyeshe.